Kizibo cha Siku Mbili

Nyumbani, 3 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini naitikia mapema kwa sababu barua yako haijafika, na mimi sina subira.

Mama yako anasema mlizungumza kwenye simu saa nzima. Nilikaa mbele yake nikiitazama midomo yake, mara anacheka, mara anashika kichwa. Alipokata simu nikamuuliza mtoto anasemaje, akaniandikia kwenye karatasi: "Hajambo." Saa nzima, neno moja. Ndiyo maana nataka barua. Masikio yangu yameliwa na boila na pampu miaka thelathini na tano, lakini macho bado yapo, na dereva wa lori la mabomba anapita hapa kila wiki.

Basi umepata kazi yako ya kwanza bila mimi, na imekuwa kwenye shule hiyo. Boila ya maji ya moto unayoiunganisha na bweni jipya niliifunga mimi, mwaka uliozaliwa wewe. Isalimie. Usimwache msaidizi wetu Nyundo akaze nati mara ya pili baada yako, mkono wake hauna breki. Bomba jipya lijaze maji kwa presha, lishinde hivyo kutwa kucha kabla mwashi hajalifunika kwa plasta. Mwashi atakuharakisha, wote ndivyo walivyo, wanadhani ukuta ni wao. Na kopo la rangi nyekundu lisitoke kwenye sanduku. Chochote unachofunga kwa muda tu, kipake, ili jicho likione hata kama kichwa kimesahau.

Kula. Mama yako ameniambia niandike hivyo.

Baba yako,
ambaye watu wa nje humwita Mzee Kipimo


Shuleni, 8 Juni

Baba, shikamoo, hata kama umeshaitikia.

Sisi wazima. Chumba cha boila kiko palepale ulipokiacha, nyuma ya jiko, ngazi nne chini. Wasichana hupita wakichungulia mlangoni. Jana mmoja alimuuliza Nyundo fundi yuko wapi, Nyundo akanielekeza kwa spana, msichana akasubiri, akadhani anaoneshwa njia ya kwa fundi. Sasa wamezoea. Wananiita Dada Bomba.

Mabomba ya bweni jipya yamefika ghorofa ya pili. Tumeyajaza presha na mwashi ananung'unika kama ulivyosema. Mkaguzi wa majengo ni kijana mrefu anayeandika kila kitu, hata mlango unafunguka upande gani. Ni mtu makini, ananisikiliza ninapoongea. Atarudi mwezi ujao kusoma ripoti yangu ya hali ya mitambo ya zamani.

Boila yako nimeisalimia. Tumeizima kidogo kwa sababu ya ukaguzi.

Binti yako


Shuleni, 8 Juni

Mama yangu, shikamoo.

Bahasha hii nimemwomba dereva akupe mkononi, Baba asione. Soma ukiwa umekaa.

Boila ina valvu ya usalama. Ni kama kifuniko cha sufuria, presha ikizidi kinajiinua ili ipumue. Maji na mvuke unaotoka pale hupita kwenye bomba dogo hadi nje, mtaroni, na mdomo wa bomba hilo lazima uwe wazi siku zote. Baba alinifundisha kwamba bomba hulijui mpaka uone mwisho wake, basi nikalifuata. Limetoboa ukuta, likatokea nyuma ya stoo ya kuni iliyojengwa baadaye, mahali ambapo hata paka hapiti. Nikaingiza mkono. Limefungwa kwa kizibo cha chuma. Nilipokikwangua kwa kisu nikaona rangi nyekundu.

Mama, boila hii imefanya kazi miaka ishirini na sita bila pa kupumulia. Upande wa pili wa ukuta kuna jiko, na wanawake sita wanapika pale kila siku. Wakaguzi wa miaka yote wameitazama valvu, wakaridhika, hakuna aliyefuata bomba. Kilichowaokoa watu ni kidhibiti joto tu, ambacho hakijawahi kugoma. Siku kingegoma, ukuta ule ungekuwa juu ya wapishi.

Nimekitoa kizibo na nimezima boila mpaka tubadilishe valvu. Wasichana wanaoga maji baridi na kunilaani kwa adabu. Walioona ni mimi na Nyundo tu. Nyundo amefanya kazi na Baba miaka ishirini, alikitambua hata kabla sijakikwangua. Akasema, "Tia mfukoni, tufunge mdomo. Mzee wako amebaki na jina tu." Lakini ripoti ninayoiandika ina ukurasa wa kasoro za zamani, na ina mstari wa jina la mkandarasi wa kwanza. Nifanye nini?

Mwanao


Nyumbani, 13 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Dereva wako hawezi kutunza siri hata ya bei ya chumvi. Alinipa bahasha mbele ya baba yako huku akinikonyeza. Nikasema ni vipimo vya gauni lako. Baba yako akatazama unene wa bahasha, akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, na tangu jana anaamini ni habari za mkaguzi mrefu. Ameniandikia kwenye karatasi: "Ana wazazi?" Nimemwacha aamini hivyo, Mungu anisamehe.

Nimehesabu siku. Hiyo ilikuwa wiki uliyozaliwa. Nilishikwa na uchungu, wakamtumia ujumbe hukohuko shuleni, akaja na ovaroli na mikono imejaa grisi, mkunga akamzuia mlangoni. Ulikaa siku tano hunyonyi. Alikubeba kutwa nzima kwa mikono ileile. Hakurudi tena shule hiyo, aliitwa kazi nyingine. Kwa hiyo kama kuna kosa, la kwako na la kwangu limo, tugawane.

Sasa nisikilize. Kizibo kimetoka, hatari imekwisha, hakuna aliyeumia. Kitupe mtoni. Andika ripoti safi. Baba yako masikio yamekwenda, magoti nayo yanafuata. Jina hilo ndiyo fimbo anayotembelea. Akienda msibani watu wanampisha kiti kwa ajili ya jina hilo. Sijawahi kukuomba jambo gumu, leo nakuomba.

Mama yako


Shuleni, 18 Juni

Mama, shikamoo.

Nimejaribu. Jumapili niliandika ukurasa ule ukiwa safi, mwandiko mzuri kabisa, halafu nikakaa nautazama. Baba hakufunga boila moja tu zama zile. Wewe mwenyewe husema miaka ile miwili alikuwa haonekani nyumbani. Kama alisahau hapa, je, kwingine? Orodha ya majengo hayo haipo mahali popote ila kichwani mwake. Nikimficha yeye nimewaficha na wale wanaolala juu ya boila hizo.

Nimechana ukurasa. Nimemwandikia swali. Nisamehe, na ukae karibu naye atakapolisoma.

Mwanao


Shuleni, 18 Juni

Baba, shikamoo.

Mabomba ya bweni yameshinda na presha kutwa kucha na sindano ya kipimo haikushuka hata unywele. Mwashi amekubali yaishe. Mkaguzi hajambo. Ana mke na watoto wawili, kama kuna mtu hapo nyumbani aliyekuwa anauliza.

Nina swali dogo la kikazi. Valvu za usalama za zama zile zilipokuwa zinavuja, ulifanyaje ukisubiri mpya? Na ukiacha hapa, miaka ile ulifunga boila wapi na wapi?

Dada Bomba wako


Nyumbani, 2 Julai

Binti yangu,

Najua dereva amekuja kwako mara mbili mikono mitupu. Barua ilikuwepo, niliiandika mara nne nikaichana.

Fundi haulizi swali dogo kuhusu valvu ya usalama. Nilikuwa nimesimama dirishani nikisoma, nikatafuta kiti. Mama yako alikuwa ameshakisogeza, nikajua na yeye anajua.

Nilikifunga mimi. Valvu ilikuwa inadondosha maji, mpishi mmoja akateleza na sufuria, mpishi mkuu akaja juu. Nikasema kesho kutwa naleta valvu mpya. Nikaizima boila, nikafunga bomba lisitiririshe, nikapaka rangi, nikajiona fundi makini kuliko wote. Kilikuwa kizibo cha siku mbili. Ujumbe ukaja, nikaondoka. Sikumwambia mtu, sikuandika popote. Wasichana walipotaka maji ya moto mtu akaiwasha tu, angejuaje?

Mama yako anataka niandike kwamba ulikuwa unazaliwa. Nimemkatalia. Tangu uzaliwe nimepata siku zaidi ya elfu tisa za kukumbuka. Kuzaliwa kwako sitaki kuingie kwenye orodha ya visingizio vyangu.

Nimeona aibu, binti yangu, aibu ya mtu mzima, ambayo haina pa kujificha. Nilikukasirikia pia, siku tatu nzima, kwa nini hukukitupa. Siku ya nne nikawaza ungekitupa ungekuwa mtu gani, nikakasirika zaidi, safari hii nikijikasirikia mwenyewe. Wewe huwezi kuniuliza jambo kama hilo bila kulia, nakujua. Pole.

Andika jina langu. Jina kamili la kwenye cheti, siyo la utani. Miaka ile miwili nilifunga boila saba. Ukiacha hapo kuna shule mbili, chuo cha ualimu, hospitali ndogo, gereza, na nyumba ya wazee. Mama yako ameshawapigia simu wote waangalie, na wote wameshajibu kwamba mambo ni safi, lakini mimi siamini jicho nisilolijua. Jumatatu tunaanza safari, yeye masikio, mimi macho.

Baba yako


Shuleni, 6 Julai

Baba yangu, shikamoo.

Nililia, ndiyo. Nyundo alidhani ni moshi wa kulehemu, au alijifanya kudhani. Nilitaka kukwambia moja kwa moja, nikakosa moyo, nikajificha nyuma ya swali. Nakupenda, Baba. Kwenye simu huwezi kusikia, basi soma.

Ripoti nimeipeleka leo ofisini kwa Mwalimu Mkuu, mkaguzi akiwepo. Kizibo nilikiweka juu ya meza. Mkaguzi akasoma, kalamu ikasimama kwenye mstari wa mkandarasi wa kwanza. Akatazama jina lako, akatazama jina langu.

"Ni ndugu yako?"

"Ni baba yangu mzazi."

Hakuandika kitu, na yeye huandika mpaka rangi ya viatu. Mwalimu Mkuu akainua kizibo akakipima uzito kiganjani. "Mimi nimesoma hapa," akasema. "Nimeoga maji ya boila hiyo miaka minne." Halafu akasema hawezi kuamua peke yake kama tuendelee na kazi au aletwe mkandarasi mwingine, lazima bodi ikae. Ametuambia tusimamishe kazi mpaka hapo.

Nyundo hasemi nami tangu jana nilipomwonyesha ripoti. Anasema nimemzika Mzee angali hai. Mimi nimepanga spana kwenye sanduku kwa ukubwa, kisha nikazipanga upya. Nasubiri bodi, na nasubiri habari zenu. Magoti yako usiyapeleke chini bila kitambaa.

Binti yako


Nyumbani, 14 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Tumerudi leo. Nimeolewa na baba yako miaka thelathini, sikujua kazi yake ni kutambaa.

Kila mahali ni hivyohivyo. Mimi naeleza mlangoni, yeye haulizi wala hasubiri, anaelekea chumba cha boila kama ng'ombe anayejua zizi. Anashika bomba, analifuata hadi nje, anapiga magoti, anaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba. Kukiwa wazi ananiinulia kidole gumba. Getini gerezani nilimweleza askari kwamba mume wangu anataka kuingia. Akasema miaka yote aliyolinda pale ni mara ya kwanza mtu kuomba.

Shule mbili, wazi. Hospitali, wazi. Gereza, wazi. Chuo, wazi, ila ndege alijenga kiota, baba yako akakihamishia mtini pamoja na mayai. Nikaanza kupumua. Nikamwandikia kwenye karatasi: "Unaona? Ni kile kimoja tu, cha siku ya uzazi."

Tukaenda nyumba ya wazee, ya mwisho. Msimamizi ndiye aliyeniapia kwenye simu kwamba ameangalia na mambo ni safi. Kumbe aliangalia valvu tu, akaifuta hata vumbi. Baba yako akapiga magoti nyuma ya banda la kufulia. Nikasubiri kidole gumba. Hakukiinua. Nikasogea, nikaona mkono wake umetulia tu juu ya bomba, na chini ya vidole kuna chuma, na rangi nyekundu.

Hakikumbuki. Mpaka sasa hakikumbuki hata kidogo, na kazi ile ilikuwa ya mwaka uliofuata, wewe ulikuwa unatembea. Ndani walikuwepo wazee arobaini na mmoja, wengine hawawezi kuinuka kitandani. Msimamizi akazima boila palepale. Baba yako alikaa chini, kwenye matope, na mimi nikakaa kando yake na gauni langu la safari. Hakulia. Alinishika mkono tu, kwa nguvu hata nikaumia.

Nilikuomba ukitupe kile kizibo mtoni. Sitasahau kwamba nilikuomba, na sitasahau kwamba ulinikatalia. Asante, mwanangu.

Mama yako


Shuleni, 19 Julai

Baba na Mama, shikamoo wote wawili.

Bodi imekaa. Mwalimu Mkuu aliwasomea barua ya Mama kuhusu nyumba ya wazee, nilimpa mwenyewe, mnisamehe. Mjumbe mmoja akasema hawezi kumpa kazi mtoto wa mtu aliyefanya hivyo. Mkaguzi, ambaye kwa kawaida haongei mpaka aulizwe, akasema yeye amekagua majengo miaka kumi na hajawahi kufuata bomba hilo hadi mwisho, na tangu wiki iliyopita analifuata kila aendapo. Wakakubaliana. Tunaendelea na kazi. Valvu mpya imefungwa, na Nyundo ameanza kunisemesha, ingawa ni matusi.

Kuna jambo moja. Ripoti haifungwi bila sahihi ya mkandarasi wa kwanza chini ya ukurasa wa kasoro, akikubali kwamba ni kazi yake. Baba, nimewaambia wewe ni mtu mzima, magoti yanauma, na safari ni ya siku nzima. Wamekubali karatasi ije na irudi kwa lori. Dereva anayo, isaini, umrudishie akipita tena. Sipendi hata kidogo kukuletea karatasi hiyo.

Jumatatu tarehe tatu tunawasha boila na kupandisha presha mpaka valvu ifunguke, mbele ya mkaguzi. Nitakuandikia ilivyokuwa.

Binti yenu


Nyumbani, 27 Julai

Binti yangu,

Karatasi imefika. Nimeona mstari wangu, mtupu, na chini yake jina lako limeshaandikwa. Nikashika kalamu, nikairudisha mezani. Karatasi ya namna hii haisainiwi jikoni kwangu ikasafiri kwenye lori pamoja na mabomba. Nakuja nayo mwenyewe, hiyo Jumatatu. Mama yako ameshapiga pasi shati, na ameniandikia kwamba nikibishana na konda ni shauri yangu.

Nitasaini mbele ya Mwalimu Mkuu. Halafu nataka unipeleke kwa wapishi. Wale wa zamani wamestaafu, najua, wa sasa watanitosha. Sina hotuba. Nitawaambia nilisahau, na kwamba walikuwa wakipika kando ya kusahau kwangu, na nitawaomba radhi. Wakinijibu, uniandikie majibu yao yote, hata mabaya, usinifupishie kama mama yako. Kisha nitakwenda nyumba ya wazee nikaseme vilevile, peke yangu.

Usije stendi kunipokea. Siku hiyo una presha ya kupandisha, na fundi haachi boila ikipanda presha, hata kwa baba yake. Nitauliza njia barabarani. Jibu sitalisikia, lakini kidole nitakifuata. Tangu ukiwa mdogo umesimama nyuma yangu kwenye milango ya watu, umebeba spana, wakikuita mtoto wa Kipimo. Jumatatu, nikifika getini wakinionyesha ishara kwamba wanataka kujua mimi ni nani, nitawaambia mimi ni baba wa fundi wenu.

Baba yako